Kisanduku cha Kumi na Moja

Mkasi ulikuwa butu na boksi lilikuwa gumu, kwa hiyo kadi ya siku ya tisa ilitoka imepinda upande mmoja. Katibu aliinyoosha kwa goti, akaandika "Ijumaa", kisha akaipaka rangi nyekundu. Mbele yake, kwenye meza ya chakula, kadi nane nyingine zilikuwa zimepangwa mstari mmoja kama watoto walio paredi.

"Nyekundu maana yake nini tena?" aliuliza mdogo wake, aliyekuwa amepiga magoti juu ya kiti. Alikuwa na miaka saba, na nyumba nzima ilimwita Maswali.

"Kazi ya Mama. Haisogezwi hata kidogo."

"Na kijani?"

"Wanyama. Hizo zinaweza kusogezwa."

"Utazisogeza?"

"Kwa nini nizisogeze? Zimekaa vizuri."

Kweli zilikuwa zimekaa vizuri. Alhamisi ya wiki ijayo wangepanda ndege. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili wangekuwa mbugani, na siku moja kati ya hizo wangepanda mashua kwenda kuwaona viboko. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa Mama angefanya kazi. Halafu wangerudi nyumbani, wapumzike, na Jumanne shule ingefunguliwa.

Mama yao alikuwa fundi wa mashine za hospitali, hasa zile za kulelea watoto njiti, yaani watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Hospitali moja ya nchi ya mbali ilikuwa imenunua mashine sita kama hizo, nayo ikamwita akawafundishe mafundi wake kuzifunga na kuzitunza. Baba, ambaye alikuwa mwoka mikate, ndiye aliyesema, "Mke wangu, ukienda huko mbuga iko saa tatu tu kwa gari. Sisi tembo tumemwona kwenye jalada la daftari. Kwa nini tusifuatane?" Siku hiyo Maswali alizunguka meza akilia kama tembo mpaka akapata kizunguzungu.

Mipango yote alikabidhiwa Katibu. Jina hilo alilipata tangu akiwa mdogo, kwa sababu hakuna kitu ambacho hakukiandikia orodha. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na orodha ya safari ilibandikwa ukutani: visanduku kumi na vinne, kila kimoja na jambo lake. Vingi vilikuwa vimeshapata alama ya vema.

"Dada, nionyeshe pale ulipochomwa sindano," alisema Maswali ghafla.

Katibu alivuta mkono wa blauzi. "Pameshapona."

"Mbona mimi mkono uliniuma siku tatu?"

"Kwa sababu wewe unadeka. Niletee rangi ya kijani."

Maswali alienda kuleta rangi, na Katibu akabaki akitazama ukutani, kwenye kisanduku cha kumi na moja: "Chanjo ya homa ya manjano." Alama yake ya vema ilikuwa kubwa kuliko zote. Aliipiga mwenyewe siku ya Jumamosi, aliporudi kutoka kliniki bila kuchomwa.

Maswali alikuwa amepelekwa na Baba wiki iliyotangulia, wakati Katibu akifanya mtihani wa mwisho. Kwa hiyo Jumamosi alikwenda peke yake, barua ya Mama mfukoni. Alifika mlangoni. Ndani mtoto mmoja alikuwa akipiga kelele kana kwamba anakatwa mkono. Miguu ya Katibu ikageuka yenyewe, ikamrudisha mpaka nyumbani. Mama alipouliza kuhusu kadi ya njano, ile ya kuthibitisha chanjo, alijibu kwamba iko kwenye begi la shule. Mama aliitazama ile alama ukutani, akaridhika. Katibu alijiambia kwamba Jumamosi nyingine angekwenda tu, tena kwa ujasiri, na hakuna ambaye angejua.

"Katibu!" Baba aliita kutoka chumbani, ambako alikuwa akijinyoosha baada ya zamu ya alfajiri. "Mama yako amesahau miwani. Mkimbizie, mwanangu, asije akafunga waya wa taa kwenye kengele."

Hospitali ilikuwa ng'ambo ya barabara. Katibu alipita nyuma ya jengo la kufulia mashuka, akaingia karakana. Mama alikuwa ameinama juu ya mashine moja: sanduku la plastiki angavu, godoro dogo ndani yake, na vipimajoto pembeni. Kando yake alisimama fundi mzee kuliko wote pale, waliyemwita Babu Spana, akiwa na karatasi ya ukaguzi.

"Asante, mama," Mama alisema akivaa miwani. Alizoea kumwita binti yake hivyo. "Kaa hapo nimalize hii, wodini wanaisubiri. Babu, kengele ya joto?"

"Nimeshaipigia vema," alisema Babu Spana.

"Umeisikia ikilia?"

"Jana ililia kama jogoo mwenye deni."

"Jana ni jana, Babu. Leo?"

Babu Spana alikuna kidevu. Alichomeka kifaa cha kujaribia, akapandisha joto. Namba zikapanda, zikapita mstari mwekundu. Wote watatu walitega sikio. Kimya. Mama alifungua kifuniko cha nyuma, akaonyesha waya mwembamba uliokuwa umechomoka.

"Lo!" Babu Spana alishika kiuno. "Utosi umejaa mvi, bado napiga alama za uongo. Mtoto angepata joto kupita kiasi humu, na sisi tumelala tukiitegemea karatasi."

"Ndiyo maana tumeitazama," Mama alisema kwa upole. "Futa, tuanze upya."

Babu Spana hakununa. Alifuta ile alama, akakaza waya, akapandisha joto tena. Kengele ililia mpaka Katibu akaziba masikio. Hapo ndipo mzee alipochukua kalamu. "Aibu ya dakika mbili," alisema akicheka, "imenunua usingizi wa usiku mzima."

Alipotoka kuipeleka mashine wodini, karakana ilitulia. Mama alikuwa akifuta spana kwa kitambaa. Katibu aliitazama mikono ile, akahisi akikaa kimya dakika moja zaidi hatasema tena.

"Mama."

"Nakusikia."

"Kuna kisanduku nimepigia vema, na sikukifanya."

Mama aliweka spana chini. "Kipi?"

"Cha kumi na moja."

Mama hakuhitaji orodha ili kukumbuka. Alivuta kiti, akakaa wakatazamana ana kwa ana. Katibu akaeleza yote: mlango, kelele za yule mtoto, miguu iliyogeuka, kadi ambayo haikuwapo begini. "Nilitaka kwenda Jumamosi hii," alimalizia, machozi yakimtoka. "Nilidhani nikichomwa kabla ya ndege inatosha."

Mama alianza kuhesabu kwa vidole, taratibu. "Haitoshi, mwanangu. Kadi ile huanza kukubalika siku kumi baada ya sindano. Bila hiyo, kule tunakokwenda wangekuzuia uwanja wa ndege na kukurudisha. Kliniki wanachoma Jumatano na Jumamosi tu. Kesho Jumatano. Ukichomwa kesho, siku kumi zinatimia Jumamosi ya wiki ijayo."

"Na ndege ni Alhamisi," Katibu alinong'ona.

"Na ndege ni Alhamisi."

Ilikuwa kama mtu amezifagia kadi zote kutoka mezani. Katibu alijifunika uso. Alisubiri sauti ya Mama ipande, lakini haikupanda. Badala yake alihisi mkono begani, unaonuka mafuta ya mashine.

"Kuogopa sindano si kosa. Mimi siku ya kutobolewa masikio nilizirai, shangazi yako akanimwagia maji na kuniharibia nguo ya sikukuu. Ungeniambia unaogopa, ningekwenda nawe. Kesho nitakwenda nawe. Lakini Baba na mdogo wako utawaambia wewe mwenyewe."

Nyumbani, Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema tu, "Nitamwomba mwenzangu tubadilishane siku za likizo." Hakukasirika kwa sauti, na hilo lilimuuma Katibu zaidi. Mama alipiga simu kwa mkata tiketi. Nafasi zilipatikana Jumapili. Wangefika jioni, na asubuhi yake Mama angeingia kazini bila hata kupumzika. Mbuga ingesogea hadi baada ya kazi, nayo ingekuwa siku mbili badala ya tatu, kwa sababu Jumatatu ni kurudi. Mashua ya kwenda kuwaona viboko haikuingia humo. Ilihitaji siku nzima ya peke yake.

Katibu alimkuta Maswali kibarazani, akamwambia.

Maswali akauliza, "Ulikuwa unaogopa sana?"

"Sana."

"Zaidi ya mimi ninavyoogopa choo cha nje?"

"Zaidi."

"Basi mbona hukunichukua twende wote? Mimi nilishachomwa. Ningekushika mkono."

Katibu alimvuta mdogo wake, akamkumbatia mpaka Maswali akalalamika kwamba anakosa hewa.

Asubuhi ya Jumatano walikwenda watatu: Mama, Katibu na Maswali, ambaye hakukubali kuachwa. Kwenye benchi la kliniki watu tisa walikuwa wamekaa. Nesi, mwanamke mnene mwenye kalamu nne mfukoni, alichungulia mlangoni, akamwona Katibu, akashika kiuno.

"Haya, wewe ndiye wa Jumamosi! Nilikuona pale mlangoni nikasema, 'Wa kumi huyo amefika.' Kugeuka kuchukua kalamu, huyo kapotea kama moshi."

"Wa kumi?" aliuliza Maswali. "Wa kumi wa nini?"

"Chupa moja ya chanjo hii ni ya watu kumi, baba," nesi alimwambia. "Ikifunguliwa haikai, inayobaki inamwagwa. Kwa hiyo tunasubiri watimie. Jumamosi, ukimtoa mtoto mmoja aliyekuwa akilia kwa kusafishwa kidonda, tulikaa na watu tisa mpaka saa nane. Hakutokea mwingine. Nikawarudisha wote nyumbani."

Katibu alihisi uso ukiwaka. Alidhani uongo wake ulikuwa wake peke yake, umejificha ndani ya kisanduku kimoja ukutani. Kumbe ulikuwa umewagusa watu tisa asiowajua.

"Mimi nilikuwa mmoja wao," alisema mwanamume mmoja benchini, dereva wa malori ya mbali. "Nilikosa safari ya kuvuka mpaka. Akapewa mwingine."

Katibu alimtazama Mama. Mama hakumsemea. Alimsukuma kidogo tu mgongoni, kama anavyosukumwa mtoto anayejifunza baiskeli. Katibu akasogea mbele ya benchi.

"Shikamooni. Naombeni mnisamehe. Niliogopa, nikakimbia. Sikujua kama mnanisubiri."

Yule dereva akacheka, kicheko kinene cha kutoka tumboni. "Marahaba. Nikuambie siri? Jumamosi hata mimi niliposikia hakuna sindano, nilishukuru moyoni. Halafu nikasikitikia safari. Njoo, wa kumi. Kaa hapa tutetemeke pamoja."

Walipoitwa, Maswali alishika mkono wa kulia wa dada yake, na nesi akashughulika na wa kushoto. "Sasa utahisi..." alianza Maswali kwa sauti ya mtaalamu.

"Tayari," alisema nesi.

"Tayari?" Katibu alifumbua macho. "Ndiyo hiyo tu?"

"Ulitaka nikuongeze?"

Jioni familia nzima ilikaa mezani kuzunguka zile kadi. Nyekundu zilibaki pale pale. Kijani zikahamia mwisho wa mstari, na ya tatu ikawekwa kando. Katibu alikwenda ukutani, akaifuta ile alama kubwa mpaka karatasi ikaota manyoya. Kisha akapiga nyingine, ndogo, kwa kalamu ya wino. Mkono wa kushoto ulimuuma alipoukunja, naye akafurahi kuusikia ukiuma.

"Nisikilizeni wote wawili," Mama alisema. "Alama ya vema ni ahadi. Nikiipiga kwenye mashine, kuna mama atalala akiamini mwanawe yuko salama. Ukiipiga ukutani, sisi tunaacha kutazama, kwa sababu tumekuamini. Ukiogopa, sema. Uoga ukisemwa hupata wenzake wa kuubeba. Ukifichwa, unabebeshwa watu wasiojua hata wamebeba nini."

"Kama wale tisa," Katibu alisema.

"Kama wale tisa. Na wewe umekwenda ukawatazama usoni. Hilo nimeliona."

Baba alipiga miayo. Tanuri la mikate lilikuwa likimngoja alfajiri. "Jumamosi tumeipanga. Bado Jumapili ya mbugani. Tuanzie wapi?"

"Kwa viboko!" alisema Maswali.

"Mashua haipo, mwanangu, tumeshaongea."

"Najua. Lakini kiboko hawezi kutoka majini kidogo, akaja kutusalimia?"

Katibu alicheka, akaivuta kadi ya Jumapili na kushika kalamu. "Kesho asubuhi nitampigia mtu wa mbuga nimuulize kama kuna bwawa karibu na barabara. Nikishajua kwa uhakika, ndipo nitaandika."

Akaiweka kalamu juu ya kadi ile, ikiwa bado tupu, wakaenda kulala.