Upande wa Kushoto wa Benchi

Kitu cha kwanza kuhama kilikuwa randa. Eliseo alikuwa mtu wa mpangilio: katika karakana yake ya magitaa, nyuma ya nyumba pale mjini Paracho, kila patasi ilikuwa na msumari wake ukutani, na kila msumeno umechorewa umbo lake kwa rangi. Wageni waliupiga picha ukuta ule. Hakuna aliyeuliza kama ukuta unaunda magitaa.

Asubuhi ile randa ilikuwa imelala kushoto kwa benchi. Akamlaumu mkewe. Amparo akasema humo haingii, vumbi analofua kwenye mashati linamtosha.

Kesho yake patasi zikahamia kushoto. Kisha jiliwa la kubania mbao, chuma kizito kilichofungwa kwa boliti, likakutwa ncha ya pili ya benchi, limekazwa barabara, na chumba kizima kinanuka tumbaku. Eliseo akakaa chini. Aliyefanya kazi kwa mkono wa kushoto, akivuta tumbaku ile, alikuwa Nicandro, kaka yake, na Nicandro walikwisha kumzika.

Magitaa yote aliyaunda Nicandro. Eliseo alibandika jina lake mwenyewe ndani, la kwanza kwa utani, mengine kwa mazoea. Amparo alikubali posa ya Eliseo kwa ajili ya sauti ya mojawapo.

Mganga, Bi Hermila, alikuja mchana na yai na majani ya rehani ya kufukuzia mizimu. Alipolizungusha yai juu ya benchi, randa ikaanza kutembea yenyewe, taratibu, kwa pumzi ndefu za mtu asiye na haraka, na mbao ikatoa utepe uliojikunja, ukaanguka, ukafuata mwingine, hadi utepe ukamfikia Eliseo miguuni.

“Mwanangu, simfukuzi mtu kazini kwake,” mganga alinong'ona. “Mwambie mkeo ukweli.”

“Lolote, mama, ila hilo.”

“Basi kaka yako atalisema mwenyewe.”

Tangu siku hiyo Eliseo akawa anafanya kazi kwa mkono wa kushoto, nao haukumuuliza. Magitaa yakaimba. Wanunuzi wakamsifu kwamba mkono wake wa zamani umerudi, naye akawa anatazama sakafu.

Asubuhi moja, mezani, mkono huo ulinyoosha vidole ukachukua kikombe. Amparo aliutazama, akaufunika kwa wake, wala hakumtazama mumewe usoni.

“Karibu, shemeji,” akasema kwa sauti ya chini. “Nilijua siku zote.”

Vidole vikajibu, vikambana.