Madoa ya Vichwa Ukutani

Dar es Salaam nzima hakuna aliyeniweza kwa kupaka chokaa. Waulizeni wenye maduka wa Uhindini, nyumba zao nilizing'arisha mpaka kunguru wakaogopa kutua. Ndiyo maana Serikali ilipotaka lile banda la Mjerumani pale Kariakoo, gofu tangu vita viishe, litengenezwe liwe soko, ukuta wa ndani nilipewa mimi. Mimi na mtani wangu Anselmi.

Ukuta ule ulikuwa na madoa. Mnayajua. Kila baraza la mji huu lina doa la mafuta pale watu wanapoegemeza vichwa. Lakini haya yalikuwa safu nzima, usawa wa mtu aliyeketi chini. Tukapaka mara moja. Yakarudi. Tukapaka tena.

Yakarudi mabichi.

Jioni moja, magharibi inaingia, tulirudi kuchukua ndoo tuliyoisahau. Anselmi alikuwa hoi. Akaona nafasi kati ya madoa mawili, akaketi, akaegemea.

"Inuka, mvivu wewe. Mkeo Clotilda atasema nimekuficha kwa kimwana."

"Acha nitue kidogo."

"Utue nini? Ndoo ninayo mimi."

Ikaja harufu ya jasho na magunia yaliyoloa... Kisha pumzi. Si ya mtu mmoja. Ukuta mzima ulikuwa unahema, polepole, kama watu waliotoka safari ya mbali.

Nikamshika mkono, nikavuta. Mimi, niliyepata kumwangusha fahali Jangwani mchana kweupe. Hakusogea hata ukucha.

"Anselmi..."

"Nyamaza," akanong'ona. "Nisije nikapitwa. Wanakaribia kuita majina."

Sikukimbia. Nilitoka kwa haraka. Nje alikuwapo Bi Tatu, muuza uji, aliyewapikia wapagazi wa vita mle mle bandani. Nikamweleza. Akakataa kuvuka kizingiti.

"Waliketishwa pale kungoja kuitwa wapewe mizigo," akasema. "Wagonjwa hawakuitwa. Mpaka leo wanangoja. Ukiketi kwenye safu yao, umo."

"Anatokaje, bibi?"

"Mwanangu, mimi nilikuwa napika uji tu."

Tulimtoa watu wanne, kwa kamba. Pale alipoegemea pakabaki doa jipya, limelowa.

Soko likafunguliwa, watu wananunua vitunguu pale pale. Anselmi yuko kwake, mtaa wa Gerezani, kila kukicha hurudi kuegemea ukuta, hali, hasemi. Amekonda, mbavu unazihesabu. Lakini uzito unaongezeka. Kila jioni Clotilda hutuita tumbebe hadi kitandani. Tulianza wanne. Sasa tuko saba, na jana hatukuweza kumwinua.

Leo kanijia, kanong'ona, "Shemeji, udongo chini yake unadidimia. Tufanyeje?"

Katika wale saba, mimi ndiye mwenye nguvu kuliko wote.

Nikatoka kwenda kumtafuta mtu wa nane.