Mkono Nyuma ya Pipa

Haya yalimpata rafiki yangu, mfuaji nguo wa hoteli tunayemwita Mama Povu. Si mtu wa kutia chumvi, ndiyo maana namwamini.

Mchana mmoja umeme ulikatika, na mashine ya kukamua nguo ikasimama huku shuka limenasa nyuma ya pipa lake linalozunguka. Chumba kile cha kufulia hakina dirisha, kwa hiyo giza likawa totoro.

"Dada, zima swichi ya ukutani kwanza!" mwenzake alimwambia kutoka mlangoni.

"Aa, nalichomoa mara moja tu," alijibu, akaingiza mkono mpaka kwapani, akawa anapapasa bila kuona.

Maji yalikuwa yakidondoka ndani ya mashine, to, to, to. Ghafla yakanyamaza, na vidole vya mtu vikamshika mkono.

Havikumvuta. Vilimgusa kidole kimoja kimoja, taratibu, kisha vikamsukuma kwa nguvu hadi akaanguka chali. Papo hapo umeme ukarudi, pipa likanguruma na lile shuka likachanika vipande vipande.

Mwenzake alikuja mbio. "Umeumia?"

"Nani yumo humo?"

"Humo wapi? Hata paka haenei!"

Mama Povu aliutazama mkono wake. Vidole vyote vilikuwepo. Lakini kimoja kilikuwa na pete nyembamba ya shaba, na yeye hajawahi kuvaa pete maishani. Alipoigusa ilikuwa na joto, kama iliyovuliwa kidoleni mwa mtu sasa hivi.