Skafu Nyekundu Ukutani

Nilikuwa nakwenda kuchukua mikate yangu kwenye tanuri la mtaa. Magharibi ilikuwa imeshaadhiniwa hapa Tetwani, Moroko, na uchochoro ulikuwa mtupu. Njia inapita mbele ya ukuta niliouchora mwenyewe, picha ya maisha ya mtaa wetu: majirani hamsini, kila mtu na shughuli yake. Mwoka mikate. Wazee wa chai. Na Ghizlan, binti yangu wa miaka saba, kabeba ubao wa mikate kichwani.

Bi Hniya, mkongwe wa mtaa, ndiye aliyenishurutisha nimpige kila mmoja mstari mwembamba shingoni.

"Picha isiyokatwa shingo inangoja roho, Bahija. Roho utaitoa wapi wewe, sokoni?"

Nilicheka, lakini nikapiga. Wote, isipokuwa Ghizlan. Mwanangu wa pekee, nimkate shingo kwa mkono wangu? Nikamchorea skafu nyekundu, bibi asijue.

Jioni hiyo nikafika ukutani. Harufu ya rangi mbichi... na mchoro una miezi miwili.

Kisha pumzi. Fupi fupi, za mtoto aliyepanda ngazi mbio.

Skafu ilikuwa inapanda na kushuka.

"Mama," ukuta ukanong'ona. "Ubao mzito. Nitue."

Niligeuka. Bi Hniya alikuwa amesimama mlangoni kwake, kipande cha mkaa mkononi.

"Hukumpiga mstari huyo," alisema taratibu. "Mtoto yuko wapi?"

"Nyumbani, bibi. Kalala tangu atoke shule. Anasema kachoka."

"Anavutwa pumzi! Shika mkaa huu. Piga!"

Nikaushika. Nikausogeza kwenye skafu.

"Usinikate, mama. Ghizlan ni mimi... Nilipita hapa nikitoka shule. Yule wa kwenye picha akanishika mkono, akaniingiza humu. Aliyelala nyumbani si mimi."

"Usimsikilize! Piga, mwanamke, mwanao anakufa!"

Nilifumba macho, nikapiga.

Pumzi zikakatika.

Nikakimbia hadi nyumbani, mikate nimeisahau. Ghizlan alikuwa ameketi kitandani, macho maangavu. "Mama, njaa." Nilimkumbatia nikalia kwa furaha. Alikuwa na joto, alikuwa anacheka, alikuwa hai.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jana nilimwogesha. Mwanangu ana kovu kidevuni tangu alipoanguka ngazini akiwa na miaka minne. Kwenye mchoro sikulitia, nilitaka apendeze.

Nilikipitisha kidole kidevuni mwake. Nikarudia.

Laini.

Bi Hniya anasema makovu ya watoto hufutika yenyewe, nimshukuru Mungu niache wazimu. Nimemwitikia. Tanuri nimehama, natumia la mtaa wa pili, maana kupita pale siwezi. Na huyu niliye naye namlisha, namsuka nywele, namfunika blanketi. Nampenda. Namwogopa. Anapolala huwa nainamisha sikio karibu na mdomo wake, nisijue ninachoomba kusikia.