Kuzunguka Kisiwa cha Maombi

"Usiwashe injini. Akisikia injini, atabonyeza."

Hayo ndiyo maagizo aliyopewa Akoth kabla ya kusukuma kayaki majini.

Sasa alikuwa peke yake katikati ya bwawa la Karigu, juu ya mji wa Thika, akipiga kafi kama mtu anayefukuzwa. Kayaki ilikuwa ya baharini, ndefu na nyembamba, iliyoletwa mbio kutoka Ruiru juu ya paa la gari la Probox. Upepo wa mchana ulikuwa umeamsha mawimbi. Mabega yalimwaka moto.

Mbele yake, kisiwa.

Redio ya Motorola ilikoroma kifuani.

"Kongoni, hapa Kituo. Unaona nini? Ova."

Ilikuwa sauti ya mkuu wake, Kagwe, aliyejifungia katika chumba cha kukodi mjini Ruiru.

"Waumini wa Kikorino, Afande. Makundi kwa makundi. Wote kanzu na vilemba vyeupe. Ova."

"Volker amevaa kama wao, na uso amejipaka rangi. Rimoti anayo yeye. Saa tisa kamili analipua ukuta."

Volker alikuwa mgeni wa kukodiwa, bingwa wa baruti. Waliomtuma walitaka nchi nzima itetemeke. Ukuta ukipasuka, maji yangefuata mto hadi bondeni mwa Kiandutu, penye kanisa dogo la mabati. Katika kwaya ya kanisa hilo alikuwa akiimba Rachael.

Rachael alikuwa mama yake Akoth.

"Watu wa bondeni wameondolewa, Afande?"



"Tukiwaondoa, Volker ataambiwa. Ana macho yake huko. Pole, Akoth."

Aligusa kifaa cha sikioni, akampigia mama. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ibadani Rachael hakupokea simu hata ya askofu.

Akakata maji.

Nyuma ya jabali la kwanza alimwona mzee mmoja, peke yake, mkono umezama ndani ya mkoba mweusi. Akoth alichomoa Glock.

Mkono ulitoka polepole.

Ulikuwa umeshika kitambaa. Mzee akainama, akafuta matope kwenye nyayo zake. Kisha akaiona bastola. Hakukimbia.

"Ukimaliza kunilenga, binti," alisema, "niunge mkono tuombe mvua."

Akoth aliishusha. Kidogo tu, angemuua mtu asiye na hatia. Aliitazama saa yake ya Garmin na kutamani asingeitazama.

Ndipo akaviona viatu vya mzee. Vilikuwa pembeni, juu ya nyasi, vimepangwa sawasawa.



Wakorino hawaombi na viatu. Kiandutu alikolelewa, ukuta wa bati tu ndio uliotenganisha chumba chao na chumba cha maombi cha Wakorino. Kila siku ya ibada alilazimika kuruka safu ya viatu mlangoni ili akateke maji.

Akaacha kutazama nyuso. Akatazama miguu.

Kundi la akina mama. Peku.

Vijana wenye ngoma. Peku.

Kafi lilikuwa limemchuna viganja, na damu ikafanya mpini uteleze. Akazunguka ncha ya mwisho ya kisiwa. Chini ya mikaratusi walipiga magoti wanaume wawili, mikono juu, midomo ikichezacheza. Nyayo zao zilielekea majini.

Buti. Za kijeshi.

"Kituo, nimewapata. Wawili. Wanaomba na buti."

Kagwe, aliyezaliwa Gatanga miongoni mwa Wakorino, hakuhitaji maelezo.

"Maliza."

Mmoja wao alifumbua jicho. Bunduki ikatoka ndani ya kanzu.

Akoth alijipindua pamoja na kayaki.

Risasi zilitoboa plastiki juu yake. Maji yalikuwa baridi na meusi. Alijichomoa kitini, akashikilia mizizi ya mafunjo, mapafu yakilia. Mwenye bunduki, mlinzi wa Volker, aliingia majini kuhakikisha amekufa. Akoth alimshika buti, akavuta. Jamaa alianguka kichogo kwenye mwamba, asiinuke tena.

Volker alikuwa amesimama, kilemba kimemlegea, antena ya rimoti nje. Kidole kilikuwa kinashuka.

Akoth aliibuka na Glock. Risasi moja. Ya kiwiko.

Rimoti iliangukia matopeni. Volker akaifuata kwa mkono wa pili. Akoth akaukanyaga mkono huo, akachomoa betri, akazitupa bwawani.

"Mlinunua kila kitu," alimwambia akimfunga pingu. "Mila hazikuwa dukani."

Redio isiyoingia maji ilikuwa inabembeleza. "Kongoni? Kongoni, jibu. Saa tisa imepita. Akoth, tafadhali."

"Na ukuta umesimama, Afande. Leta mashua. Sasa unaweza kuwasha injini."

Mashua ilipomchukua Volker na mlinzi wake, Akoth alikata kisiwa kwa miguu kuelekea kivukoni, maji yakimtiririka. Mzee wa jabali alimzuia kwa kidole.

"Binti. Hapa ni mahali pa maombi. Viatu."

Akoth aliinama, akavivua, akavitundika shingoni kwa kamba zake.

Simu ikaita ndani ya mfuko wake usiopenya maji.

"Wewe Akoth, una wazimu? Simu zote hizi, na unajua niko kanisani."

"Nilitaka kukusalimu tu, Mama."

"Salamu gani hizo za kugombana na kwaya? Umekula?"

"Bado."

"Basi njoo ule."

Akaendelea kutembea, peku, bila kugeuka nyuma.