Kadi ya Kolasa

Baiskeli ilisimama katikati ya duka kama mwenye duka ni yeye. Ilikuwa ya mtoto, nyekundu, ya miaka mingi, lakini mnyororo wake ulikuwa na grisi mpya. Karibu na spoki zake, magurudumu yote mawili, vilining'inia vipande vya kadi za besiboli vilivyobanwa kwa vibanio vya nguo. Nyingine zilizagaa sakafuni, nazo zimeshapitishwa humo humo. Pembe zimenyambuka, sura za wachezaji zimefutika.

Vernon Stroud, mwenye duka hilo la kadi na vitu vya kale, alikuwa ameketi chini kati ya vile vipande, na suti yake ya kanisani.

"Wameniua, Afande," alisema. "Andika hivyo. Wameniua."

Inspekta Leo Banaszak hakuandika. Alichuchumaa, akaokota kipande kwa kibano. Aliona bawa la korongo kwenye kofia. Jamani, Korongo wa Brannock! Msimu wa hamsini na nne, mwaka pekee timu yao ilipotwaa ubingwa. Kadi hizi zilitoka ndani ya mikate ya tanuri la mjini, moja katika kila mkate, na watoto wa Brannock walikula mkate mwaka ule mpaka wakauchukia.

"Ni ile seti yako?" aliuliza.

"Ndiyo yenyewe! Hakuna nyingine iliyokamilika, si Pennsylvania, si popote. Jumamosi ilikuwa iwekwe ukumbi wa mji, kwenye sherehe ya miaka thelathini na mitano. Meya mwenyewe alinipigia!"

Sajini Toomey, aliyekuwa akipuliza unga wa kuchukulia alama za vidole, alitikisa kichwa. "Hakuna alama, mkuu. Alivaa glavu. Kioo cha dirisha la nyuma kimebandikwa karatasi ya gundi kabla ya kuvunjwa, kisipige kelele. Halafu cha ajabu, hakuiba kitu. Zile kadi nyingine za bei mbaya ziko palepale."

"Mara ya mwisho kuona seti yako nzima ni lini?"

"Jana jioni nilipofunga," Stroud alijibu.

"Na leo asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, najiandaa kwenda kanisani."

Mkewe, Imogene, aliyekuwa amesimama mlangoni na mkoba wake kifuani, alikohoa. "Mwambie habari ya simu, Vernon."

"Simu gani?" Stroud aliuliza.

"Ile ya leo asubuhi, wakati wa kahawa."

Stroud alikunja uso. "Upuuzi mtupu. Simu ililia, nikapokea, hakuna mtu. Mlio tu. Trrrrrr, kama feni mbovu. Nikasikiliza weee, nikatukana, nikakata."

Inspekta alitazama simu ya kaunta. Mkono wa simu ulikuwa umelazwa pembeni, haukurudishwa mahali pake. Alivaa glavu, akaizungusha pedali ya baiskeli mara moja. Gurudumu likazunguka, vipande vilivyobaki vikapiga spoki. Trrrrrr.

Rangi ilimtoka Stroud.

"Huyu hakutaka kadi zako tu zife," Inspekta alisema. "Alitaka uzisikie zikifa."

Alikwenda kwenye kabati la vioo. Vishikizi vyote vilikuwa vitupu isipokuwa kimoja, kile cha katikati. Hapo ilisimama kadi moja, safi, haina hata mkwaruzo. Eddie Kolasa, mdakaji wa akiba. Msimu mzima alikaa benchi akitafuna mbegu za alizeti.

"Huyu alikuwa akikaa hapa katikati?"

"Kolasa? Hata! Kolasa alikaa pembeni kule chini. Hana thamani yoyote, huyo anajaza nafasi tu."

"Basi mtu kamtoa chini akampandisha kitini."

Inspekta alizaliwa Brannock, mtaa wa kiwandani, na sheria za baiskeli alizijua kabla ya kujua sala. Kadi unayotia kwenye spoki ili ilie ni ya timu unayoichukia. Aliyethubutu kumtia Korongo alipigwa na wenzake mpaka akaomba radhi. Mtu wa hapa asingefanya hivi kwa mchezo. Huyu alikuwa na chuki iliyovuka hata sheria hiyo, kisha akamwacha Kolasa peke yake.

"Nani amewahi kukuulizia Kolasa, bwana Stroud?"

"Hakuna."

"Fikiri vizuri."

"Nimesema hakuna! Nani amtake Kolasa?"

"Yule bibi," Imogene alisema.

"Imogene, nyamaza."

"Sinyamazi. Nimenyamaza vya kutosha." Alimgeukia Inspekta. "Mama Havran, Afande. Alikuja hapa mara tatu na fimbo yake, akimwomba amrudishie Kolasa tu. Vernon akamfukuza kama mbwa. Amezikwa majira haya ya baridi. Mimi nilikwenda mazishini, mume wangu hakwenda."

"Ana watoto?"

"Binti. Irma. Anatengeneza mabasi ya shule."

Karakana ya mabasi ilikuwa wazi ingawa ni Jumapili. Irma Havran alikuwa chini ya basi, miguu tu nje. Alipotoka na kuona beji, hakushtuka. Alifuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kwa kidole. Ukutani palikuwa na kulabu mbili kubwa za kutundikia kitu, na vumbi lililozizunguka lilikuwa limeacha umbo la baiskeli.

"Umechelewa, Afande," alisema. "Nilidhani utakuja kabla sijala."

Kituoni hakutaka wakili. Toomey aliwasha kinasa sauti. Stroud alikuwa amekuja kutoa maelezo yake, na Inspekta, kwa sababu zake mwenyewe, alimkalisha kwenye kona ya chumba hichohicho.

"Baiskeli ni ya nani?"

"Ya kaka yangu, Milo. Alikufa kwa polio mwaka uliofuata ule ubingwa. Mama alihifadhi baiskeli na boksi la kadi zake chini ya kitanda. Alikuwa akizifuta vumbi kila Pasaka."

"Zilimfikiaje bwana Stroud?"

"Muulize, si huyo hapo! Alipita nyumba kwa nyumba akinunua vitu vya kale. Mama hajui kadi, anajua mtoto wake tu. Huyu akazipekua, akapiga miayo. Unajua alimwambiaje? 'Mama, hizi ni za kutia kwenye spoki tu. Nakusaidia kukuondolea takataka.' Nilikuwepo! Kwa masikio yangu!"

"Ilikuwa biashara," Stroud alifoka. "Halali kabisa!"

"Kisha tukamwona gazetini ameshika boksi la Milo, anacheka. Mama akaja kwako. Hakudai boksi. Alidai Kolasa tu, kwa sababu Milo alilala naye chini ya mto mpaka siku ya mwisho. Ukamjibu nini?"

Stroud alitazama viatu vyake.

"Sema, bwana Stroud," Inspekta alisema.

"Nilisema... nilisema seti ikipungua moja si seti tena."

"Na ukaongeza kuwa kadi moja ni takataka, haimsaidii mtu," Irma alisema. "Mama alikufa akipapasa chini ya mto. Basi nikaona nifuate maneno yako. Ulisema za kutia kwenye spoki, nikazitia kwenye spoki, nikaendesha humo dukani nikizunguka kaunta mpaka magoti yakaniuma. Wewe upande wa pili wa simu unasema haloo, haloo. Nilifurahi, Afande. Andika hivyo. Nilifurahi sana."

Inspekta alizungumza kwa upole. "Kolasa ukashindwa kumgusa. Kwa mapenzi ya Milo."

"Wewe una roho nzuri, Afande, lakini usinipambe. Nilimwacha kwa ajili ya huyu. Mama aliomba moja akanyimwa. Nami nimemwachia hiyohiyo moja. Amtazame kila siku mpaka azikwe, aone kama inamtosha."

Stroud aliinuka ghafla. Alitoa kwenye mfuko wa koti ile kadi ya Kolasa, ambayo aliondoka nayo dukani, akaitupa mezani mbele ya Irma. "Mchukue! Mchukue uende naye! Kadi moja itanisaidia nini mimi?"

Eddie Kolasa aliwatazama kutoka mezani, kofia upande, akitabasamu. Irma aliinama. Machozi yalimdondokea kwenye ovaroli, na vidole vyake vilisogea mpaka ukingoni mwa meza. Hapo vikasimama. Kisha akarudisha mikono yake, akainyoosha kwa Toomey aliyeshika pingu.

"Kaa naye," alimwambia Stroud.