Ugonjwa Aliouazima

Mzee Fundi Lifti hakuwa na nywele, hakuwa na magego, hakuwa na cheti cha maana, wala mtoto aliyeishi karibu. Na asubuhi ile, mbele ya daktari wa magonjwa ya akili, hakuwa hata na ugonjwa.

"Tuanze upya, mzee. Hulali, huli, na mlango ukigongwa unajificha bafuni?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Na unalia ukichana nywele?"

Mzee alipapasa kipara chake. Jasho likamtoka.

"Nani analia, mzee wangu?"

"Mke wangu," alinong'ona. "Alikuwa mwalimu wa chekechea. Mtaa mzima ulimwita Bi Kicheko. Sasa nikitaja daktari anasema bima ikijua akili yake inaumwa itamfuta, na watoto watampeleka nyumba ya wazee, tutenganishwe. Nikaona niugue mimi, dawa anywe yeye, juu ya zile zake za presha."

"Ungemuua! Dawa hizi na presha yake zingeweza kugombana. Na kutumia kadi yako kwa maradhi yake, hilo ndilo linaloweza kuwafutia bima nyote wawili."

Mzee aliinuka kitini. Alitoka bila dawa, bila kuaga vizuri.

Alimkuta mkewe njiani, karibu na kituo cha mafuta. Mwanamke asiyevuka kizingiti miezi mingi! Ameng'ang'ania ukuta, kandambili kavaa kushoto kulia. Mkononi alishika simu ambayo mzee aliisahau mezani. Ujumbe wa bima ulikuwa wazi: "Mwanachama, kadi yako imetumika leo, hospitali ya mkoa. Huduma: afya ya akili."

"Baba watoto, unaumwa na hukuniambia?"

"Umetokaje nje peke yako?"

"Nilikuja kukushika mkono. Magari haya yananitisha, lakini ningekuachaje?"

Mzee alimsogeza kando ya barabara. Akamweleza yote, palepale.

"Kwa hiyo ulikwenda kunisema!"

"Nilijisema mimi, kwa maradhi yako."

"Kulia ukichana nywele? Kwa kipara hicho? Hata kudanganya hujui, mume wangu!" Kisha uso wake ukasawijika. "Watatufuta?"

"Sijui, mama."

Nyumbani walipiga simu ofisi ya bima, wakaweka spika wasikie wote. Mkewe alishikilia ukingo wa meza.

"Mpango wenu unalipia maradhi ya akili kama unavyolipia presha," karani alisema. "Ushauri, dawa, vyote vimo. Kulazwa ndiko kunakohitaji kibali kwanza. Umri hauondoi haki hiyo."

"Na mtu akigundulika ana sonona?" mkewe aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hafutwi, mama. Apate rufaa ya daktari wake wa kawaida, basi."

"Na aliyejifanya mgonjwa?" mkewe aliendelea.

Karani alimuuliza mtu pembeni, kisha akarudi.

"Hapo andikeni barua, mseme ukweli, na mgonjwa mwenyewe atie sahihi. Wakubwa wataamua."

"Wataamua nini?"

"Siwezi kukuahidi, mama."

Simu ikakatika. Mkewe alitazama mlango, kama atakimbilia bafuni.

"Nitaandika ni kosa langu tu," mzee alisema haraka. "Wewe usitajwe."

"Halafu wakufute wewe, na mimi nibaki na hofu yangu? Lete karatasi."

"Watoto wakijua?"

"Wajue. Wakija kunichukua, watatubeba wote wawili kama kabati la zamani, haligawanyiki."

Akaandika mwenyewe, herufi kubwa za ubaoni: "Anayeumwa ni mimi. Mume wangu aliogopa kunipoteza. Naomba kutibiwa kwa jina langu." Akatia sahihi.

Mzee alikunja barua. Mkewe alimnyang'anya bahasha, akalamba gundi, akaibana kwa viganja vyote viwili.

"Twende kabla sijabadili nia."

Walitembea wameshikana mpaka posta. Kila honi ilimshtua, kila mara mzee akamkaza mkono. Mbele ya sanduku la barua mkewe alisita, akafumba macho, akaiachia barua.

Waliisikia ikigonga chini.